Mashine ya Kulainishia Tope

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu, kutoka utosini hadi kwenye kucha za miguu. Sijatia chumvi wala sijaongeza maji. Mimi ni mstaafu. Sina cheo ninachokitafuta wala kura ninayoiomba, kwa hiyo hata ningetaka kudanganya nisingejua faida yake. Anayetaka kubisha na abishe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatwa katikati.

Palikuwa na jengo la ghorofa nne, na nyuma yake ua, na katikati ya ua tangi la gesi lililojengwa kwa matofali na kusakafiwa, limevimba juu ya ardhi kama kichwa cha mzee aliyetoka kunyolewa. Vyoo vyote vya jengo vilimwaga kwenye karo, tope likatuama humo, likaingia tangini, likaoza, likatoa gesi, na gesi ikapanda kwa bomba hadi majikoni. Yaani alichokiacha mpangaji asubuhi ndicho kilichompikia jioni. Marehemu mwenye jengo aliliacha tangi hilo pamoja na mjane, na wapangaji walimwita mjane huyo Mama Jengo.

Ghorofa ya tatu, jikoni kwa dada yake, sakafuni, alilala mtu aliyeitwa Mtaalamu. Hakuna aliyejua ni mtaalamu wa nini. Aliwahi kumuuzia kinyozi dawa ya kukuza nywele za wateja ili warudi upesi. Aliwahi kuwakodishia wauza viatu kivuli cha ukuta wa benki, hadi siku jua lilipohamia upande wa pili na wateja wake wakataka kujua kivuli kimekwenda wapi. Ulimi wake ungeweza kumvua samaki magamba, lakini mikono yake ilikuwa laini kama ya mwali, kwa kuwa haikuwahi kushika kitu kizito kuliko mkono wa mtu mwingine.

Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake. Hawakugombana. Alikunja godoro lake, akalifunga kamba, akamwambia, "Mume wangu, mimi sitaki dhahabu wala gari. Nataka mlango. Mlango wetu, wenye ufunguo wetu. Siku ukiwa nao nipigie." Tangu hapo Mtaalamu alilala kwenye mkeka kati ya jiko na ndoo ya maji, na kila alfajiri shemeji yake alimruka kwenda kuchemsha chai, na kila alfajiri alimruka kwa ukaribu zaidi.

Jioni moja alikuwa amejilaza hapo akisubiri chakula. Mwali wa jiko ulikuwa buluu. Ukawa njano. Ukapiga kwikwi kama mtoto aliyechapwa, ukazimika. Mara jengo zima likafungua madirisha.

"Mama Jengo, gesi."

"Mama Jengo, wali wangu unarudi kuwa mchele."

Sauti ya Mama Jengo ilipanda kutoka ghorofa ya kwanza, bila haraka. "Subirini. Gesi inakuja."

"Inakuja kwa miguu?"

Dada mtu aliweka mwiko chini. "Hili tangi litatuua. Mafundi wamekuja, wamechungulia, wamekunywa chai, wamekwenda. Wapangaji wa ghorofa ya nne wameanza kufunga mizigo."

Mtaalamu akakaa kitako. Masikio yalimsimama. Mtu mwingine akisikia shida ya jirani hutikisa kichwa. Yeye alisikia shida kama mwenye njaa anavyosikia vijiko.

"Dada, tangi lile linalishwa nini?"

"Unaniuliza hivyo wakati nataka kula?"

"Ni kile kile tu?"

"Ni kile kile. Sasa nyamaza."

Akanyamaza, na katika kunyamaza akakumbuka. Mwaka uliotangulia alivaa koti la shemeji yake akaingia kwenye semina ya wahandisi wa majitaka, kwa sababu mlangoni palinukia chakula cha mchana. Bahati mbaya, wahandisi wa majitaka wana kawaida ya kutokula mpaka wamalize kusema. Akalazimika kusikiliza. Alisikiliza kwa hasira, kama mfungwa, na kwa hasira hiyo hiyo kila neno likamganda kichwani.

Asubuhi akamkuta Mama Jengo uani, amekaa kwenye kigoda, miwani imefungwa kwa uzi, rundo la funguo kiunoni. Alikuwa na uso wa mtu anayeamini kila anachoambiwa. Mtaalamu aliutazama uso huo kwa mapenzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule wa jikoni?"

"Nipo hapo kwa muda. Mama, nimelichunguza tangi lako. Tatizo lako si tangi."

"Ni nini?"

"Ni meno."

"Ya nani?"

"Ya wadudu. Humu ndani kuna wadudu wadogo wasioonekana. Wao ndio wanaokula tope na kujamba gesi. Uniwie radhi kwa neno hilo."

"Neno ni la kwao. Endelea."

"Basi wadudu hawa hawana meno. Na tope, mama, lisikudanganye kwa ulaini wake. Ndani limejaa vitu vidogo vidogo, kila kimoja kimejifungia kwenye ganda lake kama karanga. Wadudu wako wanalamba ganda, wanazunguka, wanakata tamaa. Hujakaa sawa, tope jipya limeingia, la zamani limesukumwa nje na karanga zake nzima nzima. Gesi yako inakwenda na maji kila siku unaiona."

Mama Jengo alilitazama tangi kwa huruma. "Sasa nifanyeje? Niwanunulie meno?"

"Unawatafunia. Tope linapasuliwa kabla halijaingia. Wenye mitambo mikubwa wanalipika kwa mvuke na presha, kama maharage magumu. Wengine wanalitia magadi makali. Wengine, na hawa ndio wa kisasa kabisa, wanalipigia sauti kali isiyosikika, mpaka maganda yanapasuka yenyewe. Mashine ya namna hiyo ninayo."

"Sauti isiyosikika," alirudia Mama Jengo taratibu. "Sasa nitajuaje kama inapigwa?"

Mtaalamu hakuwa amelifikiria hilo, lakini hakupepesa macho. "Kuna taa nyekundu."

Mama Jengo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akauliza bei. Mtaalamu akaweka mkono kifuani, akasema yeye ni kama mwanawe na mwana hamuuzii mama. Akataka chumba tu. Kile cha stoo, kando ya tangi.

"Kile kinachonuka?"

"Nataka niwe karibu na mashine."

"Kwani inataka mtu wa kuihudumia?"

"Hapana kabisa," alisema Mtaalamu haraka, maana asingependa mtu aifungue. "Ukishaiwasha kazi yote inafanya yenyewe. Haitaki hata kuguswa."

"Vizuri. Sipendi kuajiri watu, wanachoka." Mama Jengo alichomoa ufunguo mmoja kwenye rundo. "Chumba ni chako, mradi moto ufike kwenye chungu cha mwisho cha ghorofa ya nne. Ukizimikia njiani, begi lako nitalitoa mwenyewe hadi nje ya geti. Na mimi nina mgongo mbovu, kwa hiyo usinifanye niliinue."

Mashine ilikuwa spika ya ukumbi wa muziki uliofungwa, aliyoiokota kwa fundi redio. Ndani alitia transfoma inayonguruma na taa nyekundu, akachomoza nyaya mbili zilizoishia kwenye kopo la maziwa, na kopo akalitumbukiza kwenye karo. Ilipowashwa ilinguruma kwa heshima. Wapangaji walikuja kuitazama mmoja mmoja, mikono nyuma, kama wanaotazama maiti ya mtu mkubwa.

Mtaalamu akampigia mkewe.

"Mlango upo," alisema.

"Una ufunguo?"

"Ninao mkononi."

"Wa kwako, au wa kushirikiana na dada yako?"

"Wetu wawili peke yetu."

"Mwisho wa mwezi nakuja na godoro. Nikikuta nimedanganywa, sirudi tena hata ukijenga mji."

Jioni hiyo jengo zima liliwasha majiko kwa pamoja. Taa nyekundu iliwaka, spika ikanguruma, na gesi ikafia ghorofa ya tatu kama kawaida yake. Mama Jengo akashuka uani taratibu, akasimama mbele ya sanduku.

"Mwanangu, mbona hivi?"

"Wadudu hawajazoea chakula kipya, mama. Hata wewe ukihamia kwa watu, siku za mwanzo huli vizuri."

"Watazoea lini?"

"Si leo wala kesho. Mpe mdudu nafasi yake."

"Basi tuseme mwisho wa mwezi," alisema Mama Jengo. "Gesi isipofika, begi."

Usiku huo Mtaalamu alilala ndani ya mlango wake mwenyewe, na hakupata usingizi. Alikuwa amezoea kuuza kitu na kuondoka. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuuza kitu na kubaki nacho. Akiondoka, mlango anauacha. Akibaki na gesi isipande, mkewe atashuka na godoro lake siku ile ile begi linapotupwa, na wote wawili watakutana getini. Aliushika ufunguo kifuani akafikiri mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika.

Kulipokucha alikuwa amepata ujanja. Ulikuwa ujanja mzito kuliko wote aliowahi kuubuni. Kwa kuwa mashine haikuweza kulipasua tope, yeye atalipasua mwenyewe kwa siri, na sifa itaiendea mashine, na Mama Jengo hatajua kamwe kwamba ametapeliwa.

Akatafuta pipa. Adhuhuri, wapangaji wakiwa kazini na Mama Jengo akiwa amelala, alifunga kitambaa puani, akashusha ndoo kwenye karo, akaivuta kwa kamba. Tope zito likapanda polepole. Akajaza pipa, akawasha moto wa mabaki ya mbao kutoka kwa seremala wa jirani, akafunika kwa bati, akawa anafunua na kukoroga kwa ubao mrefu. Tope likipashwa sawasawa hubadilika: kwanza linakataa, kisha linalegea, kisha linakuwa kama uji, na linatoa harufu ya soksi zilizochemshwa na mtu aliyekasirika.

Siku ya kwanza alilimimina tangini likiwa linatokota, kwa pupa, na jioni gesi haikufika hata ghorofa ya pili. Akakaa kwenye kizingiti chake, kichwa mikononi, mpaka alipotambua alichofanya: amewamwagia wageni supu ya moto usoni. Wadudu wa tangi wanapenda uvuguvugu, hawapendi kuunguzwa. Tangu hapo akawa anaacha pipa lipoe, analipapasa ubavuni kwa kiganja kama mama anayempima mtoto homa, na kiganja kikistahimili ndipo anamimina, kidogo kidogo, akilisemesha.

Dada yake alimchungulia kutoka dirishani. "Unachemsha nini hapo?"

"Maji ya kuoshea mashine."

"Si ulisema mashine haiguswi?"

"Ndiyo maana naiosha kwa mvuke."

"Na hiyo harufu?"

"Ni uchafu wa mashine."

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa heshima. Dunia hii imeona wezi waliotoboa kuta za zege na matapeli waliouza mito na madaraja. Lakini huyu ndiye tapeli pekee ninayemjua aliyeamka kila siku kwenda kufanya kazi kwa kificho, akitazama huku na huku, moyo ukimdunda, akihofia kufumaniwa anafanya kazi.

Na kama wanavyosema, mwenye bahati hata jiwe humwagia maji. Siku moja seremala alikuja na magunia ya maranda, akayabwaga mlangoni kwake.

"Ya nini haya?" aliuliza Mtaalamu.

"Mama Jengo kaniambia nisiyatupe barabarani, yanamkohoza. Kasema niyatupe kwako, huna mapafu ya kudeka."

Siku nyingine alikuta pipa la pili limeegeshwa ukutani. Mama Jengo alisema ni la kukingia mvua, ingawa mawingu yalikuwa hayajaonekana muda mrefu. Kisha glavu ndefu za mpira zikaning'inia kwenye kamba ya nguo, hazina mwenyewe, na zilimtosha. Mtaalamu alizivaa akimsikitikia yule mama. Mtu anasaidia kutapeliwa kwake mwenyewe, na hajui.

Gesi ikaanza kupanda. Ilifika ghorofa ya tatu, ikakaa. Siku chache baadaye ikagonga ya nne, na mpangaji wa huko, aliyekwisha kufunga vyombo kwenye gazeti, akavifungua kimoja kimoja akavitia maharage. Mwisho wa mwezi ulipofika, mwali ulisimama buluu mpaka chungu cha mwisho kilipoepuliwa, na bado ukabaki. Jengo likaanza kulipenda sanduku. Watu walilisalimia wakipita. Mmoja alilifunika kwa kitambaa cha kushona maua ili lisipigwe na vumbi, na Mama Jengo alikuwa akilipapasa juu ya kitambaa, akisema, "Ahsante mwanangu." Mtaalamu, akiwa kando na masizi mpaka kwenye kope, aliinamisha kichwa kuficha kicheko.

Mkewe alikuja siku aliyoahidi, godoro kichwani. Hakumsalimia mtu kabla ya kuusalimia mlango. Aliufungua, akaufunga. Akaufunga kwa ufunguo akiwa ndani, akaufungua, akatoka nje, akaufunga akiwa nje. Kisha akavuta pumzi.

"Pananuka."

"Utazoea."

"Nilikuzoea wewe, hii si kitu." Akatandika godoro, akakaa, akamshika mumewe mkono ili amkalishe karibu. Kisha akakigeuza kiganja chake kwenye mwanga wa mlango na kukikodolea macho. "Hii mikono ni ya nani?"

Mtaalamu alikuwa akiisubiri nafasi hiyo kwa hamu. Tapeli aliyefaulu asipokuwa na wa kumsimulia hupata vidonda vya tumbo. Akamsimulia yote, kuanzia semina hadi kopo la maziwa, akicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi.

"Na mpaka leo anaamini ni lile sanduku," alimalizia. "Kumbe ni mimi. Kila siku, mke wangu. Nateka tope, nalipika, nalipoza, nalimimina. Mama wa watu hana habari."

Mkewe hakucheka. Alikuwa na tabia ya kuhesabu mambo kwa vidole.

"Yaani tope linapikwa kweli."

"Kweli."

"Linalainika kama wale wahandisi walivyosema."

"Kabisa."

"Gesi inapanda, wapangaji hawahami, mama anapata alichotaka."

"Anapata."

"Na wewe unashinda na pipa bila mshahara, kwa chumba ambacho hakuna mtu mwingine angelala."

"Ndiyo."

"Sasa aliyetapeliwa ni nani?"

"Mama Jengo."

"Kwa lipi?"

Mtaalamu akaanza naye kuhesabu vidole vyake, kisha akainuka kutafuta maji ya kuoga.

Alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akapanda ghorofa ya kwanza. Njiani aliipima hali yake, na kila alivyoipima ilizidi kumbana. Akisema mashine ni mbovu na anayefanya kazi ni yeye, amekiri mwenyewe kuwa tapeli, na chumba kinakwenda. Asiposema, basi mashine ndiyo inayofanya kazi, na yeye hana cha kudai. Hata hivyo alikuwa na ulimi, na ulimi haukuwahi kumwangusha.

Mama Jengo alikuwa akifuta miwani. Dirisha lake lilitazama uani.

"Karibu mwanangu. Mkeo amefika, nimemwona. Mwanamke mwenye akili, amekagua kitasa."

"Amefika, mama. Nimekuja kuhusu mashine."

"Ina nini?"

"Haina kitu, inafanya kazi vizuri sana. Ila naona kwa nguvu inayotumia, ingefaa kuwe na msimamizi. Mtu wa kulipwa kidogo tu, wa kuitazama."

"Ulisema haitaki hata kuguswa."

"Hapo ilikuwa mpya. Sasa imeanza kuzeeka."

"Kumbe," alisema Mama Jengo, akaivaa miwani. "Basi nimefanya vizuri kuiuza."

Uani chini mtu alipita akalisalimia sanduku.

"Kuiuza, mama?"

"Wiki iliyopita. Kuna mstaafu mmoja mwenye jengo ng'ambo ya barabara, naye ana tangi lake." Niseme hapa, kwa kuwa Mama Jengo hakumtendea haki katika maelezo yake, kwamba mstaafu huyo ni mtu makini, aliyejisomea mambo mengi bila mwalimu, na aliinunua mashine ile kwa sababu za kiuchunguzi tu. "Alikuwa akija kila jioni kuchungulia moto wetu kwa wivu," alisema Mama Jengo. "Sikumbembeleza. Nilimwambia haiuzwi, akaongeza. Nikamwambia mimi mjane, usinidhulumu, akaongeza tena."

"Lakini mashine ipo pale. Naiona kila siku."

"Unakiona kitambaa. Chini yake ni ndoo."

Mtaalamu alisogea dirishani. Wiki nzima alikuwa amepita kando ya kitambaa kile akikimbilia pipa, na hakuwahi kukiinua wala kusikiliza kama kinanguruma. Wiki nzima jengo lilikuwa likiiamkia ndoo.

"Sasa nikawa najiuliza," aliendelea Mama Jengo, kwa sauti ya mtu anayejiuliza kweli. "Sanduku limekwenda, moto uko pale pale, buluu. Gesi hii inatoka wapi?"

"Mama. Ulijua tangu lini?"

"Nijue nini, mwanangu? Mimi ni mama mzee, sijui sauti zisizosikika. Ninachojua ni moshi. Unaniingilia dirishani kila adhuhuri nikijaribu kulala."

"Na maranda? Na lile pipa? Na glavu?"

"Ungeungua vidole, ningemweka nani?"

"Si ungeniambia tu."

"Ningekuambia ungetaka mshahara. Mtu akishajua kwamba anafanya kazi, anachoka."

Mtaalamu alijivuta, akalinyoosha shati. Alikuwa bado na karata moja. "Na kama nikiacha?"

"Uko huru, geti liko wazi." Mama Jengo alisema kwa upole, kama anayemwonyesha mgeni choo kilipo. "Ila yule mstaafu alinunua kwa sharti. Nilimwambia mashine ikimsumbua, fundi aliyeiunda ataitengeneza. Jana alikuja. Alikuja na wanawe wawili, vijana warefu, hawapendi maneno mengi. Wanamtafuta fundi. Nimewaambia sijui anakokaa." Akamtazama juu ya miwani. "Humu ndani, mwanangu, wewe ni mpangaji wangu na hakuna atakayekugusa. Nje ya geti wewe ni fundi wa lile sanduku."

Mtaalamu alishuka ngazi polepole, kama mtu anayezihesabu bila kutaka jumla. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga.

"Amekubali kukulipa?"

"Hapana."

"Anatufukuza?"

"Hapana."

"Mlango tunao?"

"Tunao."

Mkewe akazichukua glavu kwenye kamba, akampa. "Basi kakoroge."

Ndivyo ilivyokuwa. Jengo lile linapika mpaka leo. Na kwa kuwa nimeapa kusema kweli, niongeze kwamba siri hii haijatoka nje ya watu watatu. Mama Jengo hakumwambia mtu, maana biashara yake ni kimya. Mtaalamu hakumwambia mtu, maana ni aibu kwa tapeli kujulikana kwamba ana kazi. Mkewe si mtu wa kupiga domo.

Nilipofika hapo, pale kwenye benchi la wastaafu ninapopenda kuisimulia, fundi bomba mmoja mzee aliweka kikombe chini. Ni mtu wa kuziba vitu vinavyovuja, na haachi.

"Kama watatu hao hawakusema," aliuliza, "wewe umesikia wapi?"

"Mambo husikika tu," nilijibu.

"Na huyo mstaafu mwenye akili nyingi, aliyenunua. Mbona umemsifu kuliko wote?"

"Ni mtu wa kusifiwa."

"Lile sanduku alilipeleka wapi mwishowe?"

"Lipo chini ya kitanda chake, upande wa ukutani," nilisema, kwa kuwa nilikuwa nimeapa. "Na taa ingali inawaka. Ukizima taa ya chumba, hiyo inakera sana."

Kila mtu alikitazama kikombe chake, mabega yakitikisika. Kisha fundi bomba akamwita muuza chai, akamwonyesha benchi zima kwa kidole, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akanionyesha mimi.

Nikalipa. Yapo maswali ambayo ni nafuu kuyalipia kuliko kuyajibu.